Hapa Hatuhami

Atupele alikuwa na miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamedondoka.

Aliishi Mbeya, penye baridi, chini ya mlima Loleza.

Kwao walikuwa wanne. Baba, aliyeoka mikate. Mama, aliyefuma masweta. Lusajo, mdogo wake, aliyejua neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "Ba!"

Na Atupele.

Wote wanne waliishi katika chumba kimoja. Chumba cha kupanga. Majirani walikuwa pande zote mbili.

Jirani wa kushoto akikohoa, jirani wa kulia husema, "Pole!"

Atupele alipenda kuimba. Aliimba asubuhi, akaimba mchana.

Lakini akipandisha sauti kidogo tu, Mama humwambia,

"Taratibu, mwanangu. Nyumba ya watu hii."

Atupele alipenda kuruka pia. Aliruka kutoka kitandani. Pu! Aliruka kutoka kwenye kigoda. Pu!

"Taratibu, mwanangu. Nyumba ya watu hii."

Basi Atupele akajifunza kuimba kwa kunong'ona. Akajifunza kutembea kwa ncha za vidole. Nya, nya, nya, kama paka.

Na kitu kingine alichokijua sana Atupele ni kuhama.

Mara ya kwanza, mwenye nyumba alikitaka chumba chake. Mwanawe alikuwa anaoa. Wakahama.

Mara ya pili, paa lilivuja. Ti! Ti! Ti!

Baba akamwambia mwenye nyumba. Mwenye nyumba akasema, "Nitaangalia."

Hakuangalia. Ti! Ti! Ti! Wakahama.

Siku ile walihama harakaharaka. Kikombe chekundu cha Atupele kikasahaulika dirishani. Baba alirudi kukitafuta, lakini hakukiona tena.

Atupele alilia mpaka akapata kwikwi.

Mama akamshonea mfuko wa kitenge, wenye kamba ya kufungia. Atupele akatia vitu vyake vyote ndani.

Mdoli wa sufu. Penseli nne za rangi. Jiwe la mviringo. Na picha ya Bibi.

Akimaliza kucheza, anavirudisha mfukoni. Akilala, analalia mfuko.

"Mbona huviachi mezani?" Mama aliuliza.

"Tukihama je?" Atupele akasema.

Mama alimvuta karibu, akamfunga kifungo cha sweta.

Jumamosi moja, Baba alirudi mapema. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Mkononi alishika ufunguo.

"Haya, jamani," alisema. "Twendeni nyumbani."

"Lakini tuko nyumbani, Baba," Atupele akasema.

Mama alicheka. Halafu akalia kidogo. Halafu akacheka tena.

"Ile nyumba ya kule Iwambi," Mama alisema. "Ni yetu, Atupele."

Atupele akashangaa. Nyumba ya Iwambi aliijua. Kila Jumapili, Baba alikwenda huko na koleo. Mama alikwenda huko na ndoo. Miaka na miaka. Mara msingi, mara ukuta, mara mlango.

Siku zote hizo, Atupele alidhani wanamjengea mtu.

Wakapakia vitu kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Vitanda. Meza. Sufuria. Lusajo.

Majirani wakatoka kuaga. Jirani wa kushoto akakohoa. Jirani wa kulia akasema, "Pole! Na ninyi, nendeni salama!"

Atupele akaukumbatia mfuko wake njia nzima.

Nyumba ilikuwa imesimama peke yake, katikati ya mahindi machanga.

Haikuwa imepakwa rangi. Madirisha mawili yalizibwa kwa mbao. Dari haikuwepo bado. Ukitazama juu, unaona bati.

Baba akatia ufunguo mlangoni. Kre, kre, kre. Mlango ukakataa.

Akajaribu tena. Kre, kre, kre. Mlango ukakataa.

Mama akausukuma kwa bega. Kacha! Mlango ukafunguka, na Mama akaingia mbiombio kama aliyefukuzwa na nyuki.

"Karibu nyumbani, mke wangu," Baba akasema.

"Ahsante," Mama akasema, akisugua bega.

Ndani mlikuwa mtupu na kimya.

"Ba!" akasema Lusajo.

"Ba... ba... ba..." nyumba ikajibu.

Lusajo akatoa macho. Alikuwa hajawahi kujibiwa vizuri namna ile.

Atupele akaingia kwa ncha za vidole. Nya, nya, nya. Akatazama nyuma ya mlango. Akachungulia jikoni.

"Mama," akanong'ona, "mama mwenye nyumba yuko wapi?"

Mama akaweka ndoo chini. "Ni mimi."

"Na baba mwenye nyumba?"

Baba akanyoosha mkono juu, kama mtoto wa shule. "Nipo!"

Atupele akamtazama mmoja. Akamtazama mwingine.

"Na hapa tutahama lini?"

"Hapa hatuhami," Mama akasema.

Atupele akafikiri kidogo. Halafu akaubana mfuko wake kwapani, vilevile.

Nyumba mpya ilikuwa na mambo.

Bafuni walimkuta chura. Alikuwa amekaa katikati, mnene, kama aliyelipia kodi.

"Kwaa!" akasema.

"Wewe ndiye wa kuhama," Mama akamwambia, akamtoa nje kwa beseni.

Jikoni kulikuwa na bomba, lakini halikutoa maji. Ukilifungua, linapumua tu. Fffff. Baba akasema maji yatafika mwezi ujao, Mungu akipenda.

Na Atupele alikuwa na chumba. Chumba chake na Lusajo. Kilikuwa na dirisha lenye kioo, na ukisimama juu ya kitanda unaiona Loleza yote, na mawingu yake kichwani.

Mama aliita kutoka jikoni, "Atupeleee!"

Atupele akaruka kwa mshtuko. Alikuwa hajawahi kuitwa kutoka chumba kingine. Zamani Mama alikuwa anamgusa tu.

Walipolala siku ile, palikuwa kimya sana. Hakuna redio ya jirani. Hakuna mtoto wa jirani anayelia.

Atupele akajigeuza huku. Akajigeuza kule.

Mara, kutoka chumba cha pili, Baba akakohoa.

"Pole!" Atupele akaita.

Akawasikia Baba na Mama wakicheka chini ya blanketi.

"Ahsante, jirani," Baba akasema.

Jumapili, Baba alipigilia ubao ukutani, pembeni ya kitanda cha Atupele. Ukawa rafu nzuri, ya kimo chake.

"Haya, panga vitu vyako," Baba akasema.

Atupele akaitazama rafu. Akautazama mfuko.

"Kesho," akasema.

Jumatatu ikaja.

"Imba basi," Mama akamwambia, akiwa anafuma. "Humu unaweza kuimba."

Atupele akaimba. Lakini alinong'ona.

"Na rafu je?"

"Kesho."

Jumanne ikaja. Atupele akapanda kigoda. Akatazama mlangoni. Akaruka.

Pu!

Akasubiri. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyegonga ukuta.

"Mama," akasema, "tutahama lini?"

"Hapa hatuhami."

"Hata mwakani?"

"Hata mwakani."

Lakini mfuko bado ulikuwa umefungwa kamba, mafundo mawili.

Jumatano jioni, mawingu yaliteremka kutoka Loleza. Yakawa meusi. Yakanguruma.

Shwaaaa! Mvua ikaanguka juu ya bati.

Walikuwa wanakula. Mama alisema kitu, Baba akasema, "Eti?" Mama akarudia, Baba akasema, "Eti?" Mvua ilikuwa na kelele kuliko wote.

Na halafu, katikati ya meza, kwenye bakuli la maharage:

Ti!

Wote wakatazama juu.

Ti! Ti! Ti!

Mama akakimbia kuleta sufuria. Baba akaivuta meza. Lusajo akapiga makofi.

Ti! Ti! Ti! sufuria ikaimba.

"Atupele, leta na ile ndoo!" Mama akasema.

Atupele hakuleta ndoo.

Alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa viatu. Alikuwa amevaa sweta, na kofia ya sufu. Mfuko wake ulikuwa mgongoni.

"Unakwenda wapi na mvua hii?" Baba akauliza.

"Niko tayari," Atupele akasema. "Paa linavuja. Tunahama."

Mama akaacha kufuta meza.

Baba akaja taratibu, akachuchumaa mbele ya Atupele. Magoti yake yakalia ko.

"Atupele. Hili paa ni la nani?"

"La mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

"Ni Mama. Na wewe."

"Na nani tena?"

Atupele akafikiri. "Na Lusajo?"

"Na Lusajo. Na nani tena?"

Atupele akasema kwa sauti ndogo, ndogo kabisa, "Na mimi?"

"Na wewe," Baba akasema. "Sasa niambie. Paa likivuja, mwenye nyumba hufanya nini?"

Atupele hakujua. Alikuwa hajawahi kuona.

"Huliziba," Baba akasema. "Kesho utaona."

Akamvua kofia. Akamvua viatu, kimoja, kingine. Mfuko hakuugusa.

Asubuhi jua lilitoka, na mahindi yakawa yanang'aa.

Baba akaazima ngazi. Akachukua nyundo na misumari. Kisha akachukua ndala yake kuukuu, ile iliyokatika kamba, akaikata vipande vidogo vya duara.

"Ndala ya nini, Baba?" Atupele akauliza.

"Maji hupita pembeni ya msumari. Ukiuvalisha mpira, hayapiti."

"Msumari unavaa ndala?"

"Unavaa ndala."

Atupele akacheka mpaka pengo lake lote likaonekana.

Mama akashika ngazi. Baba akapanda. Kwaru, kwaru, kwaru, akatambaa juu ya bati.

"Tundu lenyewe silioni!" akaita kutoka juu. "Atupele, ingia ndani! Tazama juu! Unaona mwanga?"

Atupele akaingia ndani. Akatazama juu. Bati lilikuwa na giza lote. Halafu akaona. Kidoa cha mwanga, kidogo kama punje ya ulezi.

"Nauona," akanong'ona.

"Eti?" Baba akaita.

"Nauona, Baba."

"Sikusikii! Paza sauti!"

Atupele akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akavuta pumzi.

"Uko hapa."

"Paza sauti, mwanangu! Paza!"

Basi Atupele akachukua ufito mrefu. Akapanda juu ya meza. Akagonga bati palepale penye mwanga. To! To! To!

Akafungua mdomo wake wote.

"HAPAAAAA!"

"Hapaa... hapaa... hapaa..." nyumba nzima ikaitikia.

"Ba!" Lusajo akaitikia.

Na nje, kwenye ngazi, Mama akasema, "Yesu wangu, mtoto ana sauti huyu!"

Hakusema taratibu. Hakusema nyumba ya watu. Alisema hivyo tu, na alikuwa anacheka.

"Nimepaona!" Baba akaita.

Ko! Ko! Ko! Nyundo ikagonga.

Kidoa cha mwanga kikawa nusu. Ko! Ko! Kikazimika.

"Umezimika!" Atupele akapiga kelele.

"Kuna mwingine?"

"Upo! Karibu na mlango! HAPAAAAA!"

Ko! Ko! Ko!

"Umezimika!"

Walipata matundu matano. Matano yote yakavalishwa ndala.

Mwisho, Mama akampa Baba ndoo ya maji. Baba akayamwaga juu ya bati. Shwaaa!

Atupele akasimama ndani, kiganja wazi. Akasubiri.

Akasubiri tena.

Hakuna tone.

Akasimama pale kitambo, akitazama kiganja chake kikavu. Kisha akaenda chumbani kwake.

Hakuna aliyemwambia aende. Na hakwenda kwa ncha za vidole.

Mafundo mawili yalikuwa magumu. Aliyafungua kwa meno ya pembeni.

Akaweka mdoli wa sufu kwenye rafu. Akaweka jiwe la mviringo. Akaweka penseli nne, zimelala pamoja. Akaiegemeza picha ya Bibi ukutani, ili Bibi aione Loleza.

Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama.

Halafu akausogeza mdoli kidogo.

Akaupeleka mfuko mtupu jikoni.

"Chukua, Mama. Tia vitunguu."

Mama akaupokea. Akaugeuza, akautazama ndani. Hakukuwa na kitu.

"Ahsante, mwanangu," akasema, na ikabidi ageukie dirishani kwanza, kabla ya kutia vitunguu.

Ijumaa, mvua ikarudi. Ilikuja ghafla, alasiri. Shwaaaa!

Baba alikuwa kwenye mikate. Mama alikuwa anamwogesha Lusajo, na Lusajo alikuwa amejaa povu.

Mlango ukagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi! Hodi humu, jamani! Mvua!"

"Atupele!" Mama akaita kutoka bafuni. "Itikia mlango, mikono yangu ina sabuni!"

Kule walikopanga, aliyeitikia hodi ya geti alikuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba peke yake.

Atupele akaenda mlangoni. Akauvuta. Mlango ukakataa. Akauvuta kwa mikono miwili. Kacha!

Nje alisimama bibi mmoja aliyelowa chapachapa. Alikuwa ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwapo mbuzi, naye amelowa chapachapa.

"Shikamoo, Bibi," Atupele akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni Bibi Sekela, wa nyumba ile yenye migomba. Tunaomba kujikinga mvua."

Atupele akafungua mlango wote.

"Karibu ndani, Bibi."

"Na huyu?" Bibi Sekela akamtazama mbuzi.

Atupele naye akamtazama mbuzi. Mbuzi alikuwa anatetemeka ndevu.

Hakukimbia kumwuliza Mama. Alifikiri mwenyewe, kama mtu mwenye mlango wake.

"Naye karibu," akasema. "Ila ajipanguse miguu."

Mbuzi akaingia. Hakujipangusa.

"Meee!" akasema.

"Meee... meee... meee..." nyumba ikajibu.

Mbuzi akaganda. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatafuta hao mbuzi wengine wako wapi.

"Meee?" akauliza.

"Meee... meee..."

Bibi Sekela akaanza kucheka. Atupele akaanza kucheka. Mama akatokea na Lusajo kwenye taulo, akamwona mbuzi sebuleni, akaishiwa nguvu, akakaa sakafuni, akacheka.

Mvua ikapiga bati kwa nguvu zake zote. Ndani hakikulowa kitu, isipokuwa pale aliposimama mbuzi.

Mama akachemsha chai ya tangawizi. Bibi Sekela akanywa vikombe viwili. Akawaambia kisima chenye maji matamu kiko wapi. Akawaambia mbwa gani wa mtaa ni mkali, na yupi anabweka tu.

Baba akarudi na mkate wa moto kifuani, ndani ya koti. Wakaukata ukiwa bado unafuka moshi. Mbuzi akapewa ganda.

Mvua ilipokatika, Bibi Sekela alisimama.

"Nimekaribishwa nyumba nyingi," akamwambia Atupele. "Lakini mbuzi wangu hajawahi kukaribishwa. Ahsante, mama mwenye nyumba."

Atupele akawasindikiza hadi kwenye mahindi. Alirudi akikimbia, akaimba njia nzima, na aliimba kwa sauti kubwa.

Usiku ukaingia. Mama akamfunika Lusajo. Akamfunika Atupele, blanketi hadi kidevuni.

"Lala salama, mwanangu."

"Mama, kesho mbuzi atakuja?"

"Tutaona. Lala."

Taa ikazimwa. Nje, matone ya mwisho yalidondoka kutoka kwenye bati, moja, halafu lingine, chini kwenye udongo wao.

Kutoka sebuleni Atupele alimsikia Baba akisema kitu. Akamsikia Mama akicheka, kicheko kirefu, kisicho na haraka. Hakujua wanachekea nini.

Alitaka kuwauliza. Akafungua mdomo.

Lakini usingizi ukamwahi.